Uzi wa Willa Cather: mashamba, opera na wanawake wa Nebraska wasioomba ruhusa

#1 Mama Vitabu

Wakuu salaam. Jukwaa hili tumewajadili Warusi mpaka wamechakaa, na haupiti muda mrefu bila mtu kufungua uzi wa Hemingway. Leo naomba tukae Nebraska, katikati ya Marekani, kwa Willa Cather.

Wengi mkisikia jina hilo mnajua habari moja: mwandishi wa walowezi, majani marefu, upepo, ng'ombe. Hiyo ni nusu yake. Nusu ya pili ni wasanii, hasa waimbaji. Ukizisoma kazi zake za mwanzo kwa pamoja, unakuta mwanamke wa shambani na mwanamke wa jukwaani ni mtu yuleyule. Mwaka 1913 alimpa ardhi katika O Pioneers!, mwaka 1915 akampa sauti katika The Song of the Lark. Hiyo ndiyo hoja yangu, anayetaka kuipinga aje na kitabu mkononi.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Desemba 1873 huko Virginia, nchi ya vilima na miti. Mwaka 1883, akiwa na miaka 9, familia ikahamia Kaunti ya Webster, Nebraska, kwenye uwanda ambao baadaye alisema ulikuwa mtupu kama bati. Baada ya mwaka na nusu hivi baba yake akaachana na kilimo, wakaingia mji mdogo wa Red Cloud, mzee akafungua ofisi ya mikopo na bima. Lakini kile kipindi kifupi cha shambani ndicho kilichomlea. Majirani walikuwa Waswidi, Wanorwei, Wadenishi, Wacheki, Wajerumani. Yule mtoto alikuwa akienda kukaa jikoni kwa wanawake wazee wa kigeni ambao Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza, na alisema walimweleza mengi kuliko waliyoweza kuyatamka.

Alikuwa binti mbishi. Alikata nywele zake fupi, akajiita William Cather, akatangaza kwamba atakuwa daktari. Akaenda Chuo Kikuu cha Nebraska kule Lincoln, akamaliza 1895, na kabla hajamaliza alikuwa tayari anaandika uhakiki wa tamthilia gazetini kwa ukali uliowakosesha raha waigizaji waliopita mjini. Mwaka 1896 akaenda Pittsburgh: jarida la akina mama, kisha gazeti, kisha ualimu wa Kilatini na Kiingereza. Mwaka 1906 akaitwa New York kwenye jarida la McClure's, akapanda hadi kuwa mhariri mtendaji. Hebu pigeni picha: mwanamke, mwaka 1908, anaendesha moja ya majarida makubwa ya Marekani. Na bado hajaandika riwaya hata moja.

Naendelea chini. Msirushe mawe bado.

#2 Kisiki cha Mpingo

Nimekaa siti ya mbele, mama. Ila nakuonya mapema: O Pioneers! nimeisoma, na yule Alexandra wako, mhusika mkuu, si mkulima. Ni dalali wa ardhi aliyevaa buti. Endelea, nitarudi.

#3 Mama Vitabu

Kisiki nakujua, chai yako ipo.

Tuanzie kabla ya 1913, maana watu wengi wanapachika mapenzi ya Nebraska kwa Cather tangu siku ya kwanza, na si kweli. Mwaka 1904 alichapisha hadithi fupi iitwayo "A Wagner Matinee", ikaingia mwaka uliofuata kwenye mkusanyiko wake The Troll Garden. Shangazi Georgiana alikuwa mwalimu wa muziki Boston. Akampenda kijana asiye na kitu, akatoroka naye, wakaenda kujichukulia ardhi Nebraska, maili 50 kutoka reli. Miaka 30 imepita. Amerudi Boston kwa shughuli ya mirathi, mgongo umepinda, meno ya bandia, ngozi imeungua kwa upepo. Mpwa wake anampeleka kusikiliza muziki wa Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani. Tamasha linaisha, watu wanatoka, wanamuziki wanabeba vyombo vyao, na yeye analia hataki kuondoka. Kwa sababu nje ya mlango ule anaona nyumba yake kule: mbao zisizopakwa rangi, bwawa jeusi, batamzinga wanaodonoa mabaki mlangoni.

Watu wa Nebraska walikasirika, wakasema amewadhalilisha, tena kwa kumtumia shangazi yake halisi. Na hasira yao ninaielewa. Katika hadithi hiyo uwanda ni mahali ambapo sanaa huenda kufa. Mkusanyiko huohuo una "Paul's Case", kijana wa Pittsburgh anayependa kumbi za muziki kiasi cha kuiba fedha za mwajiri, akaenda kuishi kitajiri New York siku chache, kisha akajitupa mbele ya treni. Una pia hadithi ya mchongaji maarufu aliyerudishwa maiti kwenye mji wake mdogo, na wazee wa mji wanakaa msibani wakihesabu hasara ya kumsomesha.

Yaani huyu Cather wa 1905 anasema waziwazi: msanii akibaki kijijini atanyongwa, na mwanamke msanii atanyongwa polepole zaidi. Sasa imekuwaje miaka minane baadaye anatoa kitabu ambacho uwanda uleule ndio shujaa?

#4 Chausiku

Dada Mama Vitabu umenifanya niitafute hiyo ya shangazi sasa hivi, ni fupi, nimemaliza kabla maharage hayajaiva. Nimeumia. Hasa pale mpwa anapokumbuka kwamba ni shangazi huyohuyo aliyemfundisha Kilatini usiku, akiwa amechoka kwa kazi za kutwa, na akamwambia asikipende sana kitu, asije akanyang'anywa.

Jibu swali lako basi. Nini kilibadilika?

#5 Mama Vitabu

Chausiku, mambo matatu, na moja ni mtu.

Mtu huyo ni Sarah Orne Jewett, mwandishi mkongwe wa Maine aliyeandika habari za vijiji vya pwani ya kwao kwa utulivu mkubwa. Walikutana Boston mwaka 1908. Desemba ya mwaka huohuo Jewett akamwandikia barua, ya kimama kabisa, kwamba kazi ya uhariri inamla, kwamba hawezi kukua akiandika kwa nguvu zilizobaki baada ya kazi ya ofisi, na kwamba atafute mahali pake pa utulivu aandike kutokea pale. Jewett akafariki 1909. Cather akachukua muda kuitii ile barua, kama wengi wetu wenye mishahara, lakini 1912 akaacha kazi ya kudumu McClure's.

La pili ni riwaya yake ya kwanza, Alexander's Bridge, 1912. Injinia wa madaraja, London, Boston, mazungumzo ya sebuleni. Si mbaya, lakini ameandika kile alichodhani mwandishi anatakiwa kuandika. Baadaye mwenyewe aliiita riwaya ya kwanza kwa shingo upande, akasema alikuwa na riwaya za kwanza mbili, na ya kweli ni ile ya 1913.

La tatu ni safari. Mwaka 1912 alikwenda Arizona kwa kaka yake Douglass aliyekuwa akifanya kazi reli, mji wa Winslow. Huko aliona nyumba za kale zilizojengwa ndani ya kuta za makorongo na watu wa asili walioondoka karne nyingi nyuma. Tutarudi kwenye makorongo hayo, yana kazi. Akiwa njiani kurudi alipitia Nebraska wakati wa mavuno ya ngano. Tayari alikuwa na hadithi ya mwanamke wa Kiswidi aitwaye Alexandra. Akaandika nyingine, ya vijana wawili wanaouawa chini ya mforosadi mweupe. Akaziona zinaingia moja ndani ya nyingine, na ndiyo O Pioneers!. Jina lilitoka kwenye shairi la Walt Whitman, na kitabu akakitabaruku kwa kumbukumbu ya Jewett.

Alitegemea kitapuuzwa. Mkulima wa Kiswidi katika riwaya za Marekani enzi hizo alikuwa mtu wa kuchekwa kwa lafudhi yake. Mhakiki mmoja wa New York, Cather anasimulia, alisema hajali kabisa kinachotokea Nebraska, hata akiandika nani.

#6 Ng'ombe Watatu

Mimi ni mkulima, si msomi wa riwaya, lakini nimevutwa hapa na binamu yangu. Nimesoma sehemu ya kwanza ya O Pioneers! na nataka kuongea kuhusu deni, kwa sababu mwandishi huyu anajua deni. Nadhani ni ile ofisi ya baba yake.

Mzee John Bergson anakufa ana miaka 46. Miaka 11 kwenye ardhi ile: mitano ya kwanza aliingia kwenye madeni, sita ya mwisho alikuwa akitoka. Anakufa hana deni, ana ekari 640, na hana kingine. Ng'ombe walikufa kwenye dhoruba ya theluji, farasi akavunjika mguu kwenye shimo la panya wa nyikani, nguruwe wakafa kwa kipindupindu chao, mazao yakakauka. Mwandishi hafanyi ushairi hapo, anaorodhesha tu, na kila mfugaji anayesoma anakunja uso.

Kabla ya kufa anawaita wana wa kiume na kuwaambia wamsikilize dada yao. Si kwa huruma. Ni kwamba binti ndiye anayesoma magazeti, anayefuata bei za soko, anayeweza kukadiria gharama ya kunenepesha ng'ombe. Wavulana wanafanya kazi kama punda lakini hawafikirii.

Halafu ukame wa miaka mitatu, majirani wanauza wanaondoka. Alexandra anafanya nini? Anachukua gari la farasi, anakwenda kutembelea mashamba ya kule mtoni, anaongea na wanaume na wanawake, anauliza kuhusu mbegu, anarudi na hesabu: tuweke shamba rehani, tukope kwa miaka sita, tununue ardhi ya wanaokimbia. Deni lile atalilipa akiuza kipande kidogo ardhi ikifika dola 30 kwa ekari. Mdogo wake Lou anatetemeka. Mimi pia ningetetemeka. Nimewahi kuweka hati ya shamba benki na sikulala.

#7 Kisiki cha Mpingo

Asante Ng'ombe Watatu, umenisaidia kazi. Hiyo ndiyo hoja yangu. Alexandra hakutajirika kwa jembe. Alinunua kwa waliokata tamaa, akasubiri bei ipande. Ukigeuza ukurasa wa sehemu ya pili, miaka 16 imepita tangu baba yake afe, tayari ana nyumba kubwa nyeupe na vijakazi watatu wa Kiswidi jikoni. Ile miaka ya kazi yenyewe Cather ameiruka! Yeye mwenyewe Alexandra anamwambia Carl, rafiki yake wa ujanani, kwamba ardhi ndiyo iliyofanya, wao walikaa tu. Huo ushujaa uko wapi?

Na nyongeza. Wanaomsifu kwa "mwanamke imara" wasome mwisho. Mdogo wake Emil na Marie, mke wa jirani, wanapigwa risasi na Frank, mume wa Marie. Alexandra anafanya nini? Anakwenda gerezani Lincoln kumfariji Frank, anaahidi kumtafutia msamaha, na moyoni anawalaumu marehemu. Nilifunga kitabu kwa hasira.

#8 Mama Vitabu

Hasira ya gerezani unayo haki nayo, Kisiki, na hauko peke yako. Wahakiki wamekwaruzana juu ya sura ile kwa miongo. Mimi naisoma kuwa Cather anatuonyesha kasoro ya Alexandra. Mwanamke aliyejua kila kitu kuhusu udongo hakuona kilichokuwa kikiendelea kati ya ndugu yake na jirani, kwenye bustani iliyo chini ya pua yake. Kila nguvu aliyokuwa nayo ilikwenda kwenye ardhi. Anasema mwenyewe kwamba hakujua. Mshike hapo, nitamfananisha na Thea, yule mwimbaji wa The Song of the Lark.

Lakini la udalali, hapana. Alikuwa wa kwanza eneo lile kujenga silo, ghala la malisho, na mapema akapanda lusini, majani ya kulisha mifugo. Alimsikiliza mzee Ivar, ambaye kila mtu alimwona kichaa kwa kutembea peku na kukataza bunduki karibu na bwawa lake la ndege, akabadilisha ufugaji wake wa nguruwe kwa ushauri wa mzee huyo: banda safi, maji safi, mtama. Ndugu zake wakaona aibu kufanya tofauti na majirani.

Na sura ninayoitaka muisome ni ile ya ugomvi wa mali. Carl amerudi, amechoka na mji, hana kitu, yuko njiani kwenda kutafuta dhahabu Klondike. Alexandra anakaribia miaka 40 na anafikiria kuolewa naye. Lou na Oscar wanakuja mbio. Wanamwambia kwamba mali ya familia kwa haki ni ya wanaume wa familia, hata hati iseme nini, kwa sababu mambo yakiharibika wanaume ndio wanaoulizwa. Kwamba kazi yake ilikuwa kushauri tu. Kazi yenyewe waliifanya wao. Anawajibu bila kupaza sauti: nendeni kwa karani wa kaunti mkatazame hati.

Mnaona ilivyokaa? Sheria ya ardhi ya 1862 ilimruhusu mwanamke asiye na mume, au mjane, kuchukua ekari 160 sawa na mwanamume, akae juu yake miaka mitano, alime, apewe. Aliyeolewa hakuhesabiwa, mume ndiye kichwa. Kwa hiyo ndoa ya Alexandra ni suala la mapenzi kwetu wasomaji, lakini kwa ndugu zake ni suala la nani atarithi. Wanataka afe bila mume ili watoto wao wapate. Cather kaandika hayo 1913, kabla wanawake wa Marekani hawajapata haki ya kura nchi nzima mwaka 1920.

#9 Chausiku

Hiyo sura ya mali nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, nikamsomea mama yangu mdogo. Akasema, "Huyo Lou namjua, yuko Muheza." Tukacheka mpaka basi.

Ila mimi nimerukia The Song of the Lark na nina ugomvi na Thea. Huyu binti wa mchungaji, mama yake ndiye mtu pekee nyumbani aliyemwelewa. Watoto saba, nyumba ndogo, na bado mama anahakikisha Thea ana chumba chake na hakuna anayegusa muda wake wa kinanda. Halafu Thea yuko Ujerumani, mama anaumwa, anamtaka. Dokta Archie, daktari wa mji wao, anaandika. Na Thea haji! Kwa sababu amepewa nafasi ya kuimba kama Elisabeth, mhusika wa opera ya Wagner, kule Dresden. Mama anakufa bila kumwona. Kwetu mtu wa namna hiyo tungemwitaje?

#10 Kisiki cha Mpingo

Tungemwita mtoto wa mitandao. Angetuma rambirambi kwa simu.

#11 Mama Vitabu

Chausiku, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Thea Kronborg ni Mswidi kama Alexandra, wa mji mdogo uitwao Moonstone, Colorado, ambao kila mtu anajua ni Red Cloud iliyohamishwa. Mtu halisi nyuma yake ni mbili kwa moja: utoto ni wa Cather, utu uzima ni wa Olive Fremstad, mwimbaji mzaliwa wa Sweden aliyekulia Minnesota, akawa nyota wa Wagner pale Metropolitan, New York. Cather alimhoji kwa ajili ya makala ya McClure's iliyotoka 1913 kuhusu waimbaji watatu wa Marekani. Alipokutana naye mara ya kwanza alimkuta amechoka hoi, anaonekana mzee, sauti imekwisha. Jioni ileile akaenda opera, mwimbaji wa zamu akaugua, na Fremstad akaitwa kuchukua nafasi, akapanda jukwaani kijana na mwenye kung'aa. Cather hakusahau.

Sasa angalia hesabu za Thea, maana ana hesabu kama Alexandra. Ray Kennedy, mfanyakazi wa reli aliyetaka kumwoa, anakufa ajalini na kumwachia bima ya dola 600, kwa sharti aende Chicago kusoma muziki. Anakwenda kusomea piano, na mwalimu wake Harsanyi ndiye anayegundua kwamba hazina iko kooni. Fred Ottenburg, tajiri wa bia, anampenda lakini ana mke aliyemficha. Thea akijua, hataki fedha yake tena. Anamwomba Dokta Archie amkopeshe, kama deni, ili aende Ujerumani. Hataki kulipiwa na mwanamume anayemtaka. Alexandra aliweka shamba rehani. Thea amejiweka rehani mwenyewe, na deni lake haliwezi kulipwa kwa kurudi nyumbani katikati ya msimu. Cather hamsafishi. Anamwonyesha baadaye akiwa amekonda, hana usingizi, hana maisha nje ya ukumbi, na anamwacha Archie ashangae ni nini kimebaki cha yule mtoto aliyemtibu nimonia.

Na yale makorongo. Katikati ya kitabu Thea amechoka, sauti haiendi, Fred anampeleka Arizona apumzike. Analala kwenye vyumba vya mawe vya watu wa kale, anaoga kijitoni, anaokota vigae vya vyungu vilivyopambwa na wanawake waliokuwa wakiteka maji pale. Kwa nini walihangaika kuchora chungu, wakati maji hayanywewi matamu zaidi kwa nakshi? Anaelewa ghafla kwamba sanaa ni chombo cha kukamata kile kinachotiririka kabla hakijapita, na kwamba anapoimba, koo lake na mianzi ya pua ndiyo chombo, pumzi ndiyo inayokibeba. Anatoka pale ameamua kwenda Ujerumani.

Ni sura bora kuliko zote alizoandika, kwa maoni yangu. Kitabu chenyewe ni kirefu mno, ndicho kirefu kuliko vyote vyake. Mchapishaji wa Uingereza, Heinemann, alikikataa akisema Cather amesema kila kitu kuhusu kila mtu, na Cather baadaye alikubaliana naye, akakipunguza kwa toleo la 1937. Theluthi ya mwisho mnaweza kuisoma mkiwa kwenye daladala.

#12 Mbeba Boksi wa Lincoln

Habari za huko nyumbani. Mimi niko hapahapa Lincoln, Nebraska, nabeba maboksi kama jina linavyosema. Sikujua kuna watu wanamjadili Cather kwa Kiswahili, nimefurahi sana.

Red Cloud nimefika. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi kuelekea kusini magharibi, karibu na mpaka wa Kansas. Mji mdogo, barabara kuu moja ya matofali. Nyumba aliyokulia ipo, na kile chumba chake cha darini alichobandika karatasi za ukutani mwenyewe. Jumba la opera la 1885 lipo, ghorofa ya juu, ndipo alipotolea hotuba ya kuhitimu sekondari 1890. Kusini mwa mji kuna ekari zaidi ya 600 za majani ya asili zilizohifadhiwa kwa jina lake, hazijawahi kuguswa na plau. Nendeni Juni, si Januari. Upepo wa Januari usikieni kwenye kitabu tu.

Jambo jingine ambalo huenda hamjui: kila jimbo la Marekani lina sanamu mbili kwenye jengo la Bunge kule Washington. Mwaka 2023 Nebraska walimweka Cather. Aliyemchonga ni Littleton Alston wa Omaha, na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa na kazi yake katika mkusanyiko ule. Amemchonga akiwa anatembea, kalamu na karatasi mkononi.

#13 Darubini

Uzi mzuri, lakini nimesoma bandiko zote na kuna watu hawajatajwa.

Mwandishi anaieleza ardhi ile kana kwamba ilikuwa tupu ikisubiri Waswidi. Haikuwa tupu. Wapawnee, watu wa asili wa pale, waliishi na kulima mahindi kando ya mito ya Nebraska kwa karne. Ardhi ya kusini mwa mto Platte waliitoa kwa mkataba wa 1833, lakini waliendelea kuwinda nyati bonde la Republican, mto uleule unaopita Red Cloud. Agosti 1873 kundi lao la uwindaji, wanaume kwa wanawake na watoto, lilishambuliwa na Walakota, taifa jingine la watu wa asili, magharibi mwa bonde hilo, wengi wakauawa. Muda mfupi baadaye taifa zima la Pawnee likahamishiwa Oklahoma ya leo. Cather alizaliwa Desemba ya 1873 hiyohiyo, na akafika Nebraska miaka kumi baadaye. Hata mji wenyewe una jina la chifu wa Walakota.

Kuna sentensi ya Alexandra mwishoni mwa O Pioneers! kwamba watu huja na kuondoka, ardhi hubaki, na wanaoipenda na kuielewa ndio wenyewe, kwa muda mfupi tu. Msomeeni Mpawnee sentensi hiyo. Kwenye My Ántonia, riwaya yake nyingine, kuna duara kubwa kwenye majani ambapo zamani Wahindi Wekundu walikuwa wakiendesha farasi, msimulizi Jim anapenda kulitazama likitokeza theluji ikianguka. Alama tu. Watu wenyewe wako wapi, haulizwi mtu.

Na kwa kuwa tumemtaja mchongaji mweusi: msome na jinsi Cather alivyomwandika mpiga piano mweusi kipofu, d'Arnault, katika kitabu hichohicho. Msanii mkubwa, naam, lakini maelezo ya kichwa chake na mwili wake ni ya kudhalilisha kabisa.

#14 Mama Vitabu

Darubini, sura ya d'Arnault haina utetezi na sitaujaribu.

La Wapawnee nitakuongezea uzito badala ya kukupunguzia. Angalia tulichosema kuhusu Thea. Cather aliweza kuwaona wanawake wa asili wa Arizona, akawafanya mababu wa sanaa yote, akampa Thea vigae vyao kama urithi. Wale walikuwa wameondoka karne nyingi, hawamdai mtu shamba. Waliohamishwa muongo mmoja kabla ya yeye kufika, kutoka kwenye bonde alilochezea, hao hakuwaona. Ukimsoma hivyo, makorongo yanageuka kuwa na uchungu ambao mwandishi hakukusudia. Bado nasema ni sura yake bora.

#15 Ng'ombe Watatu

Mmenichanganya sasa. Mimi mwenye muda wa saa moja usiku baada ya kukamua, nianze na kipi? Na hii My Ántonia mbona mnaitaja pembeni tu, nasikia ndiyo maarufu?

#16 Mama Vitabu

Maliza O Pioneers! uliyoanza. Ni fupi. Halafu "A Wagner Matinee", halafu My Ántonia ya 1918, halafu ndiyo uingie kwa Thea. Vyote vya kipindi hicho haki miliki yake imekwisha Marekani, vinapatikana bure kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unashusha kwenye simu.

My Ántonia nimeiweka pembeni kwa makusudi kwa sababu inaharibu nadharia yangu kidogo. Ántonia Shimerda, binti wa Kicheki, hapati ekari elfu wala hapandi jukwaani. Baba yake, mpiga fidla, anajiua majira ya baridi ya kwanza. Yeye analima kama mwanamume, kisha anakuwa mtumishi wa ndani mjini, anadanganywa na kondakta wa treni, anazaa peke yake, baadaye anaolewa na Mcheki mwenzake na kujaza nyumba watoto. Mtu halisi alikuwa Anna Pavelka, aliyefanya kazi kwa majirani wa akina Cather Red Cloud. Na anayesimulia ni mwanamume, Jim Burden, mwanasheria wa reli asiye na furaha, kwa hiyo kila tunachokiona kuhusu Ántonia kimepita kwenye macho ya mtu aliyempenda na kumwacha.

Wewe mkulima tazama sehemu ya mabinti watumishi. Wenye maduka wa mjini wanawadharau hawa mabinti wa kigeni, wakati mishahara yao ndiyo inayolipa madeni ya mashamba ya baba zao, inayonunua plau na nguruwe wa mbegu. Baada ya miaka michache familia hizo ndizo zinazomiliki mashamba makubwa, na watoto wa wenye maduka wanawauzia bidhaa. Kisiki, hapo udalali haupo.

#17 Kisiki cha Mpingo

Hapo nimenyamaza. Kwa muda.

#18 Chausiku

Jamani nimeanza My Ántonia jana usiku, nimefika kwa wale Warusi wawili, Pavel na Peter, na msafara wa harusi uliofukuzwa na mbwamwitu. Wanawatupa bwana na bibi harusi nje ya gari la theluji ili gari liwe jepesi! Na hakuna hata mmoja wenu aliyenionya? Mama Vitabu, bandiko lote lile refu, makorongo, vyungu, hati za ardhi, hili umelisahau?

#19 Mama Vitabu

Sikulisahau, mdogo wangu. Nilitaka ulisome usiku.